Betri Mpya kwa Motokaa Kuukuu: Tusinunue Mbuzi Ndani ya Gunia



Chama hukaa mezani na matajiri siku nyingi kugombea nyongeza ya mshahara. Nyongeza ikipatikana twashangilia. Lakini shilingi hizo tulizozipigania huweza kutoka mfukoni kwa siku moja tu, mbele ya duka la vipuri, kwa sababu hatukujua la kuuliza. Leo nataka kusema habari ya betri ya motokaa. Najua wako watakaosema kwamba hilo si jambo la Chama. Mimi nasema ni jambo la Chama kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Wanachama wengi siku hizi wana motokaa ndogo zilizokwisha kutumika miaka mingi: Toyota Starlet, Vitz, Nissan March, Mazda Demio na nyingine za namna hiyo. Hizi si motokaa za fahari. Mwingine aitumia kufika kazini zamu ya usiku wakati hakuna matatu. Mwingine humpeleka mama yake hospitali. Mwingine hufanya teksi siku za mapumziko ili apate karo ya watoto. Motokaa ya namna hii isipowaka alfajiri, mtu hupoteza ujira wa siku, na pengine hupata barua ya onyo. Kwa hiyo betri ni sehemu ya mshahara wetu. Anayetuuzia betri mbovu ametukata mshahara, ingawa hana kalamu ya karani.

KWANZA, HAKIKISHA KWAMBA UGONJWA NI WA BETRI

Motokaa ikikataa kuwaka, wengi husema mara moja, "Betri imekufa." Fundi asiye mwaminifu hupenda sana neno hilo, maana humpa nafasi ya kuuza. Lakini mara nyingi betri ni mzima na ugonjwa uko mahali pengine. Yafaa kuangalia mambo manne kabla ya kutoa hata senti moja.

Jambo la kwanza ni vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeota juu yake, umeme haupiti vizuri. Usafishe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, ukaushe, ukaze nyaya, kisha ujaribu tena. Kazi hii ni bure.

Jambo la pili ni mkanda wa alteneta. Ukilegea au ukichakaa, alteneta haizunguki sawasawa, na betri haijazwi.

Jambo la tatu ni alteneta yenyewe. Mwombe fundi mwenye mita apime volti kwenye vichwa vya betri wakati injini inanguruma. Mita yapasa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikionyesha 12 na kitu, alteneta haichaji, na hata ukinunua betri ya bei kubwa kuliko zote itakufa baada ya siku chache. Ikionyesha zaidi ya 15, alteneta yaichemsha betri na kukausha maji yake. Katika hali zote mbili, kununua betri kabla ya kutengeneza alteneta ni kumwaga maji katika ndoo iliyotoboka.

Jambo la nne ni umeme unaovuja wakati motokaa imelala. Motokaa kuukuu nyingi zimefungwa kengele ya wezi, redio, na vyombo vingine vilivyounganishwa ovyo. Usiku kucha vyombo hivyo hunywa umeme kidogo kidogo, na asubuhi betri ni tupu. Fundi wa umeme aweza kupima jambo hili kwa dakika chache.

Ukimaliza hayo, ndipo upime betri. Ijaze kwa chaja, uiache usiku mmoja bila kuitumia, kisha uipime asubuhi. Betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.4 imebaki na robo tatu hivi. Ikiwa ulikwisha ijaza na asubuhi ni 12 au chini yake, basi hiyo imechoka. Betri ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo. Chumba kimoja kikifa, betri yote haina kazi, hata kama vitano vingine ni vizima. Ni kama kikosi cha watu sita wanaobeba nguzo: mmoja akianguka, nguzo yote huanguka.

PILI, JUA NAMBA YA BETRI YAKO

Usiende dukani na kusema, "Nipe betri ya Starlet." Muuzaji atakupa ile anayotaka iondoke. Nenda na namba, au nenda na betri ya zamani yenyewe, ikiwa ndiyo iliyotoka na motokaa hiyo wala si nyingine aliyoibandika mwenyewe wa kwanza.

Motokaa nyingi ndogo za Kijapani hutumia betri za mfano wa NS40 au NS60. Hizo ni namba za kizamani ambazo madukani kwetu zingali zatajwa kila siku. Pia kuna namba mpya zaidi za Kijapani. Kwa mfano, NS60 huandikwa 46B24. Maana yake ni hii: 46 ni kipimo cha nguvu, B ni daraja la upana na kimo, na 24 ni urefu wa betri kwa sentimita. Baada yake huja herufi L au R, inayoonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukiona na herufi S mwishoni, jua kwamba vichwa vyake ni vinene.

Herufi hizo si mapambo. Ukinunua ya upande usio wako, nyaya hazitafika, au mtu mwenye haraka atazivuta na kuziunganisha kinyume. Ukiunganisha kinyume hata kwa sekunde moja, waweza kuchoma alteneta na redio. Ukinunua yenye vichwa vyembamba na nyaya zako ni za vichwa vinene, fundi atakukazia kwa kipande cha bati, na motokaa itakusumbua kila asubuhi. Tena tazama kimo. Betri ndefu mno hugusa boneti, na boneti ikigusa vichwa vyote viwili, moto huwaka.

Wenye motokaa za kale sana wakumbuke pia kutazama volti. Volkswagen nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilikuwa za volti 6. Si kila kilicho na magurudumu manne ni cha volti 12.

Sasa juu ya ukubwa. Betri ya NS40 huweka kiasi cha ampea 35 kwa saa, na NS60 kiasi cha 45. Ukisahau taa kubwa mbili za wati 55 kila moja, zinakula ampea 9 hivi, na kwa muda wa saa nne au tano betri ndogo imekwisha. Watu wengine huogopa kwamba betri kubwa kidogo itaunguza motokaa ndogo. Hiyo si kweli. Stata huchukua umeme inaohitaji tu, kama vile mtu anywavyo kikombe kimoja hata mtungi ukiwa mkubwa. Ikiwa mahali pa kuiweka panatosha, na kishikio chaifunga imara, betri kubwa kidogo haina dhara. Lakini ndogo kuliko ile iliyoagizwa na watengenezaji ni hasara, maana itafanya kazi kupita nguvu zake kila siku.

TATU, YA KUFUNGUA AU YA KUFUNGWA?

Hapa maneno ni mengi, na kila mtu ana dini yake. Kuna betri zenye vifuniko sita ambazo mwenyewe huongeza maji, na kuna zile zilizofungwa ambazo huuzwa kwa jina la kutohitaji matunzo. Maoni yangu ni haya. Kwa motokaa kuukuu ya mfanya kazi anayejua kufungua boneti kila wiki mbili, betri ya vifuniko yafaa sana. Mara nyingi bei yake ni ndogo, na mtu aweza kuona ndani, akapima kila chumba, akaongeza maji yakipungua. Wenzetu wa Mombasa, Malindi na Kisumu wajue kwamba joto ndilo adui mkubwa wa betri. Joto hukausha maji na kuharakisha kuoza kwa mabamba ya ndani. Kwa hiyo betri ya pwani yahitaji kutazamwa mara nyingi kuliko ya Limuru.

Maji ya kuongeza ni yale maji safi ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Yasiwe ya mfereji, maana yana chumvi. Wala usiongeze asidi. Katika betri maji ndiyo hupotea, asidi hubaki. Anayeongeza asidi kila mara huyala mabamba.

Yule asiyekuwa na nafasi au asiyependa kushika mambo hayo, na anunue ya kufungwa, lakini asidhani kwamba hiyo haifi. Alteneta ikichaji kupita kiasi, ya kufungwa hufa upesi, na hakuna pa kuongeza maji. Tena usikubali kuuziwa betri za bei kubwa sana zilizotengenezwa kwa motokaa mpya zinazozima injini zenyewe kwenye taa za barabarani. Starlet yako haina kazi nazo. Utalipa zaidi na hutapata chochote.

NNE, MBELE YA MUUZAJI

Betri si kama sufuria. Betri iliyojazwa asidi huzeeka hata ikiwa rafuni. Ikikaa miezi bila kuchajiwa, chumvi ngumu hushika mabamba, na nguvu zake hazirudi. Kwa hiyo uliza imetengenezwa lini. Tarehe hupigwa muhuri juu yake, pengine kwa herufi na namba za siri. Mwambie muuzaji akusomee. Akikataa, au akianza hadithi, toka dukani. Kisha mwombe apime volti mbele yako. Ikiwa chini ya 12.4, hiyo ama imekaa sana ama ina ugonjwa.

Tazama alama ya ubora ya KEBS. Tazama kama rangi ni ya kiwandani au imepakwa juzi, na kama vichwa vina mikwaruzo ya nyaya. Betri zilizokufa huoshwa, hupakwa rangi, hubandikwa karatasi mpya, zikauzwa kama mpya. Mnunuzi anayezitazama kwa dakika mbili huokoa mshahara wa siku nyingi.

Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na namba ya betri. Dai karatasi ya dhamana iliyopigwa muhuri, na uisome hapo hapo. Mara nyingi dhamana ya motokaa ya teksi ni fupi kuliko ya motokaa ya nyumbani, na nyingine haipo kabisa. Kumbukeni kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kufaa, na haki ya kuelezwa habari zake. Pia tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini mtu asiye na risiti ni kama mfanya kazi asiye na barua ya kuandikwa kazi: haki anayo, ushahidi hana.

WANAOSEMA KWAMBA MASKINI NA ANUNUE YA RAHISI

Ndugu wengine hunijibu hivi: "Wewe wasema maneno ya watu wenye fedha. Mimi leo nina shilingi elfu tatu tu, na kesho ni zamu yangu. Nitanunua betri iliyokwisha kutumika, Mungu ni mkubwa." Neno hili si la kuchekwa. Shida haina adabu. Lakini na tufanye hesabu pamoja.

Tuseme betri ya mitumba ni Sh. 3,000, nayo ikaishi miezi sita. Hiyo ni Sh. 500 kwa mwezi. Tuseme mpya yenye dhamana ni Sh. 9,000, nayo ikitunzwa ikaishi miaka mitatu. Hiyo ni Sh. 250 kwa mwezi. Basi maskini amelipa mara mbili ya tajiri kwa kitu kile kile, bila kuhesabu siku alizosukuma motokaa. Maskini hatozwi zaidi kwa sababu ni mjinga. Hutozwa zaidi kwa sababu hana fedha zote kwa mara moja. Hapo ndipo kazi ya Chama inapoanza.

Napendekeza mambo matatu kwa kila tawi. Moja, tawi linunue mita ya volti na kipimo cha asidi, viwekwe ofisini, na mwanachama yeyote aweze kuvitumia. Vyombo hivi si vya bei kubwa, na vitazuia watu kununua betri wasizohitaji. Mbili, wanachama wanaohitaji betri wakusanyike, waende kwa muuzaji mmoja mwaminifu kwa pamoja, na kupatana bei kama tunavyopatana na tajiri. Mtu mmoja huomba, watu kumi hupatana. Tatu, SACCO zetu ziwe na mkopo mdogo wa haraka kwa mambo ya namna hii, ulipwe kwa miezi michache, ili mtu asikimbilie mitumba wala wakopeshaji wa riba kubwa.

NENO KWA MADEREVA WA KAMPUNI

Kuna matajiri ambao betri ya lori ikifa humkata dereva mshahara. Ndugu madereva, jueni sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kumkata mfanya kazi kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali ya tajiri uliotokea kwa kusudi lake mwenyewe la kutotimiza wajibu. Betri iliyokufa kwa uzee haikuuawa na dereva. Basi andikeni katika kitabu cha gari kila mara mnapoona dalili: stata inazunguka polepole, taa zinafifia, maji yanapungua upesi. Mkiandika na kutia sahihi, tajiri hawezi kusema hakuambiwa. Na akikata, leteni habari kwa katibu wa tawi siku hiyo hiyo.

BETRI YA ZAMANI INAKWENDA WAPI?

Hili ndilo neno langu la mwisho, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Risasi hiyo ina thamani, na ndiyo maana watu wa mikokoteni hupita wakiuliza betri kuukuu. Mtu hupewa shilingi chache, akafurahi. Lakini betri ile yaweza kwenda kuvunjwa kwa shoka nyuma ya nyumba, asidi ikamwagwa mtaroni, na risasi ikayeyushwa penye watoto.

Tumekwisha kuona matokeo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 karibu kabisa na nyumba za watu, na kilifungwa mwaka 2014. Watu waliugua, watoto waliugua, na wafanya kazi wa ndani walikuwa katika moshi ule kila siku. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe ana sumu ya risasi mwilini. Akaanza kupigania jirani zake, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe Sh. bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliiondoa amri ile ya fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka hiyo, ndugu zangu. Sumu iliingia kwa pumzi moja, haki ikatafutwa miaka mingi.

Madaktari wasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huharibu akili yake, na akili ikiharibika hivyo hairudi. Kwa mtu mzima huumiza figo, damu na mishipa. Na ni nani waishio karibu na viwanda vya namna ile? Ni sisi. Ni nani wafanyao kazi ndani yake bila kinga ya pua? Ni ndugu zetu, pengine wasio na Chama.

Kwa hiyo, unaponunua betri mpya, irudishe ya zamani kwa muuzaji mwenye desturi ya kuzipokea na kukupunguzia bei, na umwulize anaipeleka wapi. Usiivunje. Usimwage asidi yake. Usiiweke jikoni wala chumbani kwa watoto. Na wale wafanyao kazi katika kuyeyusha risasi, Chama kiwatafute, kiwaandikishe, na kidai kinga, maji ya kuoga kazini, na kupimwa damu kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inavyotaka tajiri alinde afya ya watu wake.

Na wakati wa kufunga betri mpya, ondoa waya wa hasi kwanza na uurudishe mwisho. Usivute sigara karibu, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Ifunge imara ili isitikiswe na barabara za marumu. Asidi ikikuruka machoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali mara moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matawi na yajadili mapendekezo haya katika mikutano ijayo, na makatibu waandike majibu yao kwa gazeti hili. Tukinunua kila mtu peke yake, tutaendelea kuuziwa rangi mpya juu ya betri mfu. Tukinunua pamoja, muuzaji atatuheshimu, na mtoto wa jirani atapumua hewa safi.

Umoja ndio nguvu yetu.

Mwanachama